Sindano ya Alfajiri

Wadogo zangu wa chumba cha upasuaji,

Siku mliyoniaga mlinipa kuku wawili na kiti cha plastiki, mkaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Kuku wameliwa. Kiti ndicho nilichokalia sasa, upande wa nyumba ambako jua la asubuhi halifiki, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunipa umri wa kukaa bila mtu kuja kuniita. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika zaidi habari ya sindano moja, ile anayopigwa mtu kabla ya kupasuliwa ili kidonda chake kisije kikaoza, na habari ya mtu aliyenifundisha kazi. Wengi wenu mlikuta jambo hili limeshakaa sawa, mkadhani lilikuwa hivyo siku zote. Halikuwa hivyo.

Nilipoingia mara ya kwanza katika chumba kile nilikuwa muforoma mpya, muuguzi kijana na mwembamba mwenye cheti kilichokunjwa vizuri mfukoni. Mkubwa wa chumba alikuwa Mzee Anzuruni. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo kama babu yangu, na tulisali msikiti mmoja, kwa hiyo nilitegemea anipokee kama ndugu. Alinisimamisha karibu na mlango, mikono nimeikunja kifuani, akaniambia nisiguse kitu, niangalie tu nani anagusa nini. Nilisimama hivyo asubuhi nzima. Kazi ilipokwisha akaniuliza nani aliyegusa asichopaswa kugusa. Nikataja wawili, nikijivuna kidogo. Akasema wako watatu. Wa tatu ni mimi, nilikuwa nimejikuna pua.

Ndivyo alivyofundisha. Hakupiga kelele na hakusifu. Alinifundisha kunawa mpaka kwenye viwiko kwa sabuni ya mawese inayotengenezwa hapa hapa kwetu, huku mwenzako anakumiminia maji kutoka kwenye kidumu, na kushika mikono juu kama mtu anayeomba dua. Glavu siku zile hazikutupwa. Zilifuliwa, zikaanikwa, kisha mtu akazipuliza kwa mdomo moja moja kutafuta tundu. Mkicheka, chekeni, lakini nilipuliza glavu nyingi kuliko mtoto wa sikukuu alivyopuliza baluni.

Pamoja na kunawa kote huko, watu walioza. Nalisema neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Mwisho wa wodi kulikuwa na chumba cha wale ambao mshono umeachia, na mgeni hakuhitaji kuelekezwa, pua ilimfikisha. Wanawake waliozaa kwa kupasuliwa, wakatoka na mtoto mzima, walilala mle wakinyonyesha huku tumbo linatoa usaha. Wengine walirudi nyumbani. Wengine ndugu zao waliondoka na mtoto tu. Dawa za kuua vijidudu zilikuwepo, lakini zilitolewa baada ya kisu, mtu alipokumbuka, na kwa siku nyingi mfululizo, kama kwamba wingi ungelipa kuchelewa.

Kisha ikaja vita. Barabara ya kutoka Bujumbura kuja kwetu kupita Kabezi na Minago ilifungwa usiku, na asubuhi hakuna gari lililopita mpaka askari waifungue. Wafanyakazi wa mchana walifika wamechelewa, na siku nyingine hawakufika. Waliokesha nao hawakuweza kungoja. Walikuwa na watoto nyumbani, na milio ya risasi haikuwa mbali. Mgonjwa alipitia katikati ya zamu mbili na dawa yake haikupewa na yeyote. Hapo ndipo Mzee Anzuruni alipoweka utaratibu wake. Kila anayepasuliwa siku ile apigwe sindano alfajiri, wakati wa adhana, kabla waliokesha hawajavua makoti. Alisema lolote litakalotokea barabarani, dawa itakuwa imeshaingia mwilini.

Ulikuwa utaratibu wa busara, na nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea. Siku zile tulikuwa na daktari mmoja aliyelala hapo hapo hospitalini. Alipasua mtu mmoja au wawili, na alianza mara tu kulipokucha. Sindano na kisu vilifuatana. Tuliona kwa macho yetu kwamba chumba cha mwisho wa wodi kimepata vitanda vitupu, tukamshukuru Mungu, na Mzee tukamheshimu zaidi.

Vita ikaisha. Mzee akastaafu, akaenda kutunza michikichi yake upande wa Kigwena. Sindano ya alfajiri akamwachia Mama Godeliva, mkuu wa wodi. Huyu alikuwa mmoja wa wale waliorudi kutoka uhamishoni Tanzania. Alikulia kambini huko, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Mtu akisema "mutoto iko analia", alimjibu "mtoto analia" kwanza, halafu ndipo akaenda kumtazama mtoto. Sindano ile aliishika kama anavyoshika rozari yake. Hakumruka mgonjwa hata mmoja. Alikuja mapema hata siku ambazo si zamu yake, akapita kitanda kwa kitanda, akamaliza, akanawa, akasali.

Ila sasa kazi ilikuwa imebadilika na sisi hatukuona. Daktari wa upasuaji alikuja kwa gari kutoka Bujumbura. Programu ya siku ilijaa watu. Wa kwanza alipasuliwa jua limeshapanda, na wa mwisho jua likielekea milima ya Kongo. Wote walikuwa wamepigwa sindano alfajiri. Chumba cha mwisho wa wodi kilianza kujaa tena, pole pole, na sisi tukalaumu maji, tukalaumu pamba, tukalaumu ndugu wa wagonjwa wanaogusa kidonda kwa mikono yenye mawese.

Mwaka ambao ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba za ufukweni, Mzee Anzuruni alikuja kwetu na mpira wa mkojo. Prostati, ile tezi ya wanaume, ilikuwa imemfunga mkojo kwa muda mrefu naye alikuwa amenyamaza, maana ni ugonjwa ambao mzee hautaji mbele ya wakwe. Alikuwa na sukari kidogo pia. Tulimweka wa kwanza kwenye programu kwa sababu ya umri wake na kwa sababu alikuwa wetu. Mama Godeliva alimpiga sindano alfajiri, akamwombea na dua kwa namna yake ya Kikatoliki, na Mzee akaitikia amina.

Daktari alichelewa. Maji ya ziwa yalikuwa juu ya barabara baada ya Minago na magari yalipita moja moja. Alipofika hatimaye, nilikwenda na machela kumchukua Mzee. Kwenye kitanda cha jirani alikaa mama wa Minago na mtoto wa kiume mwenye ngiri. Mtoto hakuwa amekula tangu jana yake, alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, sasa anafungua mdomo tu. Mzee akainuka akakaa.

"Mama, pitisha mutoto," alisema. "Mimi nimezoea kufunga. Huyu hajui hata Ramadhani iko nini."

Yule mama akashukuru, murakoze, akarudia, akambeba mtoto wake mbele. Mimi niliona fahari. Niliwaambia waliokuwepo kwamba huyo ndiye aliyenifundisha.

Tulipomaliza na mtoto nikarudi. Safari hii Mzee alikuwa ameshamwona mwanamke wa Kigwena mwenye uvimbe kwenye titi, ambaye siku za nyuma alishuka mezani na kukimbilia nyumbani, na sasa alikuwa anatazama geti. Mzee akaniambia tumchukue huyo kabla moyo yake haijageuka. Kisha akamgeukia mwanamke mwenyewe.

"Dada, mule ndani nilifanya kazi maisha yangu yote. Ingia wewe kwanza, halafu utaniambia kama hawa bado wanajua."

Yule mwanamke alicheka, akaingia akiwa bado anacheka. Sijaona mtu mwingine aliyeingia chumba kile hivyo.

Baada yake umeme ukakatika, na jenereta ilikuwa haina mafuta. Dereva alitumwa mjini na kidumu. Mnajua mafuta yalivyo kwetu. Kidumu kilikaa foleni kama mtu. Mzee alisali Adhuhuri akiwa ameketi kitandani. Alipoingia mezani kivuli cha jengo kilikuwa kimeshavuka uwanja. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nalisema kwa sababu nilikuwa mezani na vyombo vilipita mikononi mwangu. Baadaye alipata sindano zake zote za wodini, siku baada ya siku, hakuna hata moja iliyokosekana.

Homa ilianza kabla hajaanza kutembea. Kidonda kilitoa maji machafu, halafu usaha, halafu mshono ukaachia. Tulimhamishia chumba kile cha mwisho, kwenye kitanda cha dirishani. Mke wake, Bibi Zaituni, alikaa ubavuni akimpepea inzi kwa kipande cha katoni. Mzee alikataa kufungwa kidonda na mtu mwingine isipokuwa mimi. Alisema mimi nikikosea atajua.

"Rangi gani?" aliniuliza siku ya kwanza nilipofungua.

"Njano, Mzee."

"Njano ya namna gani? Sikukufundisha njano tupu."

"Inaelekea kijani."

"Sawa. Harufu usiniambie. Pua yangu haijastaafu."

Kila siku nilifungua, nikaosha, nikapakia vitambaa vya kompresi, na kila siku shimo lilikuwa kubwa zaidi ya jana. Alisoma alichoweza kusoma cha Kurani kwa moyo, midomo ikichezacheza, na nilipogusa penye maumivu midomo ilisimama, halafu ikaendelea pale ilipoachia.

Wakati huo tulikuwa tumeletewa daktari mpya wa wodi, Daktari Kaneza, msichana wa milimani aliyekuwa bado anaokota Kiswahili chetu. Hakuwa msemaji. Alisimama mlangoni mwa chumba kile akawatazama waliolala, kisha akatuita mimi na Mama Godeliva pembeni. Akauliza Mzee alipata sindano saa gani. Mama Godeliva akajibu, alfajiri kama wote. Akauliza alipasuliwa saa gani. Tukamwambia. Akauliza habari ya mwenzake wa kitanda cha pili, na wa tatu, na yule mwanamke wa mlangoni. Tulipokuwa tunajibu tulianza kusikia wenyewe tunachosema. Karibu wote walikuwa wa mwisho mwisho kwenye programu: waliotoka mbali wakafika wamechelewa, waliokatikiwa na umeme, waliosukumwa nyuma, na waliopisha.

Akatueleza pole pole, Kirundi na Kiswahili pamoja. Dawa ile inatakiwa iwe imejaa katika damu wakati kisu kinafungua ngozi, kwa sababu ndipo vijidudu vinapoingia. Ikija baadaye inafukuza vilivyokwisha kujenga. Ikija mapema mno, mwili unaitoa. "Ile ya alfajiri," alisema, "Mzee alikwisha kuikojoa yote kabla hamujamuita."

Kisha akasema jambo ambalo nampendea hadi leo. Alisema hawezi kuapa kwamba hiyo ndiyo iliyomfikisha Mzee pale. Ana umri, ana sukari, na waliopigwa kwa wakati nao wengine huoza. "Ila tulimpasua bila kitu. Hiyo naijua. Na kesho tutapasua wengine."

Mama Godeliva alikasirika. Alisema hajawahi kumruka mgonjwa, na ilikuwa kweli, nikamwambia daktari kwamba ni kweli. Daktari akasema hajauliza nani aliruka, anauliza nani aliiweka saa hiyo. Mama Godeliva akaangalia dirisha la chumba cha mwisho.

"Iliwekwa na Mzee," alisema. "Nitaifutaje, naye yuko pale anapumua? Ngojeni kwanza."

Hakumaliza kusema tungoje nini. Lakini programu ya kesho ilikuwa imeshabandikwa na majina yalikuwepo. Wote wawili wakanitazama mimi.

Nilikifunga kidonda cha Mzee kwanza, maana sikutaka ayasikie akiwa wazi. Nilipomaliza nikamwambia, kama daktari alivyoniambia, bila kuongeza maneno ya kutuliza. Alikuwa mtu ambaye maneno ya kutuliza yalimkera. Bibi Zaituni aliacha kupepea.

"Ile saa ilikuwa ya vita," alisema Mzee.

"Ndiyo, Mzee."

"Vita imeisha zamani. Hakuna mutu aliifikiria tena?"

"Hakuna. Tulikuwa tunakuheshimu."

"Muliniheshimu vibaya."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kukusanya vyombo. Akasema nimwitie Godeliva.

Alikuja akasimama miguuni pa kitanda. Mzee akamwambia ile kazi ya alfajiri aliyomwachia, ameifanya vizuri kuliko yeye mwenyewe, Mungu amlipe. "Sasa ninaichukua tena. Kesho usimupige mutu. Dawa ingie na mugonjwa mezani."

"Mzee, nilikupiga mimi mwenyewe," alisema Mama Godeliva. Alikuwa analia bila sauti. "Niliwahi nikupige wa kwanza."

"Najua. Mukono yako iko mwepesi, sikuumia." Akapumua kidogo, akatugeukia wote. "Na watu musiwakataze kupishana. Yule mutoto alikuwa na njaa kweli."

Kesho yake alfajiri Mama Godeliva alikuja kama kawaida. Alipita kitanda kwa kitanda mikono mitupu, akiwajulia hali tu. Nadhani ilikuwa zamu ndefu kuliko zote alizowahi kufanya.

Mzee Anzuruni alifariki kabla ya wiki kwisha, mchana, watu wakitoka kula. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Kidonda kilikuwa bado kinatoa, kwa hiyo nilikijaza pamba na kukifunga vizuri ili sanda isichafuke. Mkono wangu ulitaka kuhesabu kompresi kama kawaida. Nikauacha uhesabu.

Siku chache baadaye mama wa Minago alimrudisha mtoto kutolewa nyuzi. Kovu lilikuwa safi. Alileta ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wamefungwa katika jani la mgomba, akaniuliza yule mzee aliyempisha amelazwa wapi, anataka kumpa mwenyewe. Nilimpeleka nyumbani kwa Bibi Zaituni. Walikaa pamoja mpaka jioni. Wale ndagala Bibi aliwapika siku ile ile, akamlisha mtoto.

Haya mengine mnayajua, lakini nayaandika ili msiyaache. Dawa inachanganywa mezani, mgonjwa akiwa mbele yenu. Mtu wa usingizi ndiye anayeitoa, na anasema kwa sauti kwamba imeingia. Mpaka aseme, kisu kinabaki kwenye sinia, hata kama daktari ana safari. Upasuaji ukiwa mrefu au damu ikimwagika sana, ulizeni kama inafaa kurudia. Mama wa kupasuliwa azae, naye apewe kabla ya kisu. Na baada ya mshono msiendelee siku nyingi kwa sababu tu ndugu wamefurahi kuona sindano. Mtu wa usingizi wa wakati ule alinung'unika muda mrefu kwamba tumemwongezea kazi. Tulikuwa tumemwongezea kweli.

Sikuandika ili niseme tulishinda. Chumba cha mwisho wa wodi bado kipo, na mnajua kina watu. Maji bado yanakatika, na kuna wiki dawa yenyewe haipo na mnapasua kwa sabuni na kwa kumtegemea Mungu. Waliolala mle miaka ile tukiwapiga sindano alfajiri na kuwapasua jioni, siwezi kuwaambia kitu. Kila Ijumaa nawaombea, waliokuwa wa dini yangu na waliokuwa wa Mama Godeliva.

Siku yangu ya mwisho, mkumbuke, mlikuwa bize na kuku. Nje ya mlango alikaa mzee mmoja, mvuvi wa zamani, jina lake likiwa la pili kwenye programu. Msichana wetu mpya alipokwenda kumchukua alimkuta amemwinua mama aliyekaa jirani yake mwenye mtoto anayelia, anamsogeza mbele. Alimwambia, "Mzee, kaa kwenye zamu yako, utatuvuruga." Yule mzee akanitazama mimi kwa sababu ya mvi zangu.

Nilimwambia msichana amwache apishe. Kisha nikaingia ndani nikaangalia meza. Chupa ya dawa ya yule mzee ilikuwa juu ya sinia, unga mkavu, kifuniko bado hakijang'olewa, inamngoja.